Kivuli cha Plaizi

Ijumaa ile hakuna ndege iliyoruka, na kota nzima ikajua kuna jambo. Watu wa kambi ya jeshi la anga huamshwa na injini. Asubuhi ikipita bila mngurumo, wanawake huacha kufua wakatazamana. Ama ndege imeanguka, ama kuna kifaa kimepotea. Na kwa kuwa gari la wagonjwa halikupita, basi ni kifaa.

Mama Cherehani hakuacha kazi yake, angeiachaje? Jezi za timu ya kambi zilikuwa zimemrundikania mezani, nusu yake hazijashonwa namba, na fainali ya Kombe la Anga ni kesho. Kambi zote za jeshi hilo zilikuwa zimechujana mpaka zikabaki mbili: wao, na watu wa rada, ambao walishazoea kuja, kushinda, na kuondoka na kombe wakipiga honi mpaka getini. Safari hii Kanali, mkuu wa kambi, alikuwa ameapa mbele ya gwaride kwamba kombe halitoki. Wachezaji wameahidiwa vyeo. Na aliyetajwa wa kwanza ni golikipa, koplo mmoja fundi wa injini ambaye kambi nzima ilimwita Sumaku kwa jinsi mpira ulivyomganda mikononi. Huyo Sumaku ndiye mume wa Mama Cherehani.

"Hiyo tisa imepinda," alisema mama mkwe wake kutoka nyuma ya pazia.

"Haijapinda, mama. Ni wewe umelala upande."

"Nitaachaje kulala upande, na hiki kitanda ni kama benchi? Mwanangu akipata usajini, nitalala chali kama watu."

Ndivyo walivyokuwa wakiishi. Chumba kimoja cha kulala, na sebule iliyogawanywa kwa pazia: upande huu cherehani, upande ule bibi na mjukuu wake anayeanza kutambaa. Kota za masajini, ng'ambo ya uwanja, zina vyumba viwili na bomba la ndani. Mama mkwe alikuwa ameshazihesabu hatua za kutoka kitandani mpaka kwenye hilo bomba ambalo hajawahi kuliona.

Mara mlango ukasukumwa, wala hodi haikupigwa. Alikuwa Mama Pacha, jirani wa ukuta mmoja, kanga ya kichwani imekaa shingoni, macho mekundu.

"Mwenzangu, Mkimya hajarudi."

Mkimya ni mume wake, mtunza vifaa wa hanga la mafundi, lile banda la kutengenezea ndege. Jina lake hilo alipewa kazini na likamkaa.

"Hajarudi tangu jana?"

"Tangu jana! Nimempelekea chakula getini, nimerudishiwa bakuli lilivyo. Wamefungiwa wote hangani, hatoki mtu mpaka kionekane."

"Kitu gani?"

"Plaizi. Plaizi, mwenzangu! Kidude cha kujaa kiganja."

Mtu wa nje angecheka. Nyumbani kwako plaizi ikipotea unaazima kwa jirani, basi. Lakini plaizi iliyosahauliwa ndani ya injini inaweza kushusha ndege na watu wake, na ndiyo maana hangani kulikuwa na ubao mkubwa ukutani, kila kifaa kimechorewa kivuli chake kwa rangi nyeusi. Ukichukua spana, unaning'iniza hapo kibati chenye namba yako. Ukirudisha, unachukua kibati chako. Jioni mtunza vifaa anautazama ubao. Akikuta kivuli kiko wazi, kifaa hakuna na kibati hakuna, ndege zote zinalala chini, na injini yoyote iliyoguswa siku hiyo inafumuliwa upya.

"Sasa kivuli kiko wazi," Mama Pacha alisema, "na kibati hakuna. Wanasema ama ameiba, ama amempa mtu kinyemela. Na yeye hasemi! Unamjua alivyo. Mtu anaulizwa na kapteni, anatazama viatu. Leo jioni asiposema, anakwenda mahabusu."

"Na wachezaji? Si nao walikuwa kazini jana mchana?"

"Wachezaji nani awaguse? Kanali amesema wasisumbuliwe mpaka mpira uishe." Akajifuta uso kwa ncha ya kanga. "Najua na wako yumo humo, usinielewe vibaya. Nasema tu. Wengine wanalala kwenye godoro jipya, wengine wanalala juu ya saruji."

Mama Cherehani alimkalisha, akampa maji, na Mama Pacha akayanywa yote bila kushusha bilauri.

*

Mchana askari mmoja wa timu alileta mfuko wa nguo chafu za Sumaku. Wachezaji walikuwa wametengwa tangu jana kwenye bweni la zamani, simu zimekusanywa, wake marufuku, na viatu vipya vya fainali vimegawiwa. Kwa hiyo mfukoni mlikuwa na bukta, soksi, jozi ya glavu, moja imefumuka kidole gumba, na vile viatu vya zamani, vizito kwa tope.

Alivitoa nje avigonge. Cha kushoto kiligongeka vizuri. Cha kulia kikatoa mlio.

Akaingiza mkono. Kwanza akagusa soksi, imekunjwa na kushindiliwa ndani mpaka ikawa ngumu. Akaivuta. Chini yake, huko vidoleni, palikuwa na kitu baridi. Alikitoa nusu tu, akakirudisha haraka, akatazama kulia na kushoto. Plaizi ndogo, mdomo mrefu, mipini ya rangi nyekundu, na namba ya hanga imepigwa kwenye chuma.

Alielewa mara moja jinsi ilivyotokea, kwa sababu alimjua mumewe: njumu za kiatu kile zilikuwa zinalegea kila mara, na alizoea kuzikaza kwa chochote kilicho karibu, hata meno ya uma. Basi la mazoezi linapiga honi, mtu anasema nipe mara moja, mwenzake anampa bila kibati. Kosa la haraka, kosa la kijinga, la kusamehewa. Hiyo ilikuwa plaizi. Lakini soksi je? Soksi haijikunji yenyewe. Hiyo ilishindiliwa na mtu aliyekaa akafikiri.

"Una nini hapo umeganda?" Mama mkwe alikuwa mlangoni, mjukuu begani.

Mama Cherehani alijitia hamnazo, lakini mama mkwe alikuwa mtu wa macho. Alikuja, akaingiza mkono kiatuni mwenyewe. Alipokiona kitu hakupiga kelele. Alimshusha mtoto chini, akashika tama.

"Ndiyo hiyo?"

"Ndiyo hiyo."

"Nani ameona?"

"Mimi na wewe."

"Basi hakuna aliyeona," alisema mama mkwe, na kabla mkwewe hajainuka, alikwishaikamata plaizi akaelekea chooni. Bibi huyo ambaye kila siku analalamikia magoti, siku hiyo alikwenda kama msichana.

Walikutana kwenye mlango wa choo. Mama Cherehani alimshika kifundo cha mkono.

"Niachie. Shimo lina kina, hakuna atakayezamia."

"Mama, wanafumua injini kwa ajili ya hiki kitu."

"Waifumue! Si ndiyo kazi wanayolipiwa?"

"Na Mkimya?"

"Mkimya ana mama yake. Mama yake amlilie. Mimi nina huyu mmoja tu. Unajua watakavyomfanya? Watamvua cheo, watatutoa humu ndani na virago vyetu mchana kweupe, na wewe na cherehani yako utashonea wapi? Juu ya mti?"

Ukweli ni kwamba Mama Cherehani naye, kwa kitambo kidogo, aliliona lile shimo, akaona jinsi mambo yangekuwa mepesi. Aliona chumba cha pili, dirisha la kuwekea cherehani, mwanga wa asubuhi. Ndipo akasikia kutoka upande wa pili wa ukuta Mama Pacha akiwasomesha wanawe hesabu kwa sauti iliyokuwa ikikatikakatika.

"Nipe, mama," alisema. "Nikamuulize kwanza mwenyewe."

*

Bweni la wachezaji lilikuwa na askari mlangoni. Alimtazama mama yule na furushi lake la jezi kichwani kana kwamba amebeba bomu.

"Wanawake hawaruhusiwi."

"Nimeleta jezi."

"Ziweke chini, urudi."

"Niziweke vumbini, kesho Kanali aone timu imevaa vumbi? Niitie Filimbi."

Filimbi, sajini wa mazoezi, alitoka akitafuna kitu. Alikagua jezi moja moja, akaivuta namba tisa kwa nguvu aone kama itabanduka. Haikubanduka. Mama Cherehani alisimama juani muda wote huo. Hakuambiwa hata kaa.

"Vizuri. Nenda."

"Afande, glavu za kipa. Gumba limefumuka. Siwezi kushona bila kumpima mkono."

"Mkono wake huujui? Unaishi naye."

Askari wa mlangoni alicheka, na wachezaji wawili watatu dirishani wakacheka pia. Mama Cherehani akacheka nao, maana angefanya nini. "Naujua ukiwa na njaa, afande. Ukiwa na glavu siujui."

Filimbi mwenyewe akatabasamu. "Dakika moja. Pale kwenye uzio, nikiwaona."

Sumaku alitoka amevaa suti mpya ya michezo, amenyoa, anang'aa. Aliponyoosha mkono kupitia waya wa uzio ili upimwe, mkewe aliushika, akaukuta unatoka jasho.

"Nimegonga viatu vyako," alisema, huku akiuzungushia uzi.

Vidole vya Sumaku vilijikunja.

"Nimetoa na soksi."

"Sema polepole."

"Ulijua?"

Alitazama nyuma, akamwona Filimbi amekunja mikono. "Nilikumbuka kwenye basi. Tulikuwa tumeshatoka. Nikasema tukirudi nitairudisha. Tuliporudi hanga lilikwishafungwa, kuna polisi wa jeshi kila mahali. Ningesemaje?"

"Ungesema ninayo."

"Wewe unaona rahisi."

"Ukaniletea mimi. Nyumbani. Anapotambaa mwanao."

"Nilitaka itoke humu tu. Nilisikia watakagua mabegi." Akashusha sauti zaidi. "Nisikilize, mke wangu. Ni mpaka kesho jioni. Mpira ukiisha tukiwa na kombe, hakuna wa kunigusa. Nitakwenda kwa Kanali mwenyewe, nitamweleza, atacheka. Kesho jioni, basi."

"Mkimya anaingia mahabusu leo."

"Usiku mmoja tu. Mkimya ataelewa."

"Ndiye aliyekupa?"

"Ndiye aliyenipa. Basi lilikuwa linapiga honi, akasema chukua, utarudisha. Hata kibati hakunidai."

"Na mpaka sasa hajakutaja."

"Ndiyo maana nakwambia ataelewa," alisema Sumaku, na baada ya kusema hivyo akawa hawezi tena kumtazama mkewe usoni.

Filimbi akapiga makofi. "Haya, mkono umeshajulikana!"

*

Jioni hiyo walikuja kupekua kwa Mama Pacha. Polisi wa jeshi wanne, ofisa mmoja. Mama Cherehani alisikia kupitia ukutani kabati linavutwa, kisha kitanda, kisha sauti ya Mama Pacha: "Hizo ni nguo zangu za ndani, baba, plaizi itakaa humo?" Akatoka mbio. Alimkuta jirani yake nje, magodoro yamelazwa uani, unga umemwagwa kwenye gazeti na askari anauchakura kwa kijiti. Majirani wote walikuwa wametoka kwenye milango yao, wamefumbata mikono. Wale pacha wawili walikuwa wamekaa juu ya ndoo zilizogeuzwa, wamevaa sare za shule.

Mama Cherehani alisimama karibu na Mama Pacha, akamshika mkono. Mkono ule ulimng'ang'ania.

"Wanasema kama hakuna hapa, basi ameiuza," Mama Pacha alinong'ona. "Nani ananunua plaizi moja, mwenzangu? Nani?"

"Hakuna."

"Mume wako ni mtu mkubwa sasa. Kesho akishinda, Kanali atamsikiliza. Mwombe aseme neno moja tu kwa ajili ya mwenzake. Nitakuwa mtumwa wako."

"Usiseme hivyo, jamani."

"Nitakufulia mwaka mzima."

Plaizi wakati huo ilikuwa kwenye droo ya cherehani, kati ya bobini na chaki, hatua chache kutoka waliposimama. Mama Cherehani angeweza kwenda kuileta. Hakwenda. Aliona mbele yake mumewe anavutwa kutoka bwenini kama mwizi aliyeshtakiwa na mkewe mwenyewe, na akajiambia, si hivi, si kwa mkono wangu. Hiyo ndiyo sababu aliyojipa. Nyingine, ya kwamba aliogopa, aliiacha bila kuigusa. Walipomaliza, walimwambia Mama Pacha apange vitu vyake, na ofisa akasema pole kwa usumbufu, akaruka unga asichafue viatu.

Mama Cherehani na Mama Pacha wakaupepeta ule unga mpaka giza likaingia.

Alipofika nyumbani alikaa kwenye cherehani, akaichukua ile glavu. Alishona gumba. Kisha akaipasua bitana upande wa kiganja, akaitia plaizi ndani, akafunga mdomo wa glavu yote kwa mshono mrefu wa kupitisha, ule wa kufumuliwa kwa mvuto mmoja.

"Unafanya nini?" aliuliza mama mkwe.

"Namrudishia mwenyewe. Imetoka mkononi mwake, imrudie mkononi. Mpaka timu ziingie uwanjani kesho ana nafasi ya kwenda kusema mwenyewe."

"Na asipokwenda?"

"Akisimama golini, mimi nitasimama mbele ya Kanali."

Mama mkwe alikaa kitandani. "Wewe mtoto una roho ngumu," alisema. Halafu akalivuta pazia.

*

Asubuhi ya Jumamosi Filimbi aliichukua ile jozi getini, akaipima mkononi. Moja juu, moja chini.

"Mbona hii nzito?"

"Nimetia kitu kigumu, afande. Gumba lisipinde."

"Na umeifunga kwa nini?"

"Ndani kuna gundi mbichi. Afungue mwenyewe wakati wa kuvaa, ataharibu akifungua mapema. Mwambie mke wake amesema afungue kabla ya kutoka."

Filimbi aliibonyeza glavu. Akaibonyeza tena. Mama Cherehani alijilazimisha kutazama kifungo cha shati lake, kilichokuwa kinaning'inia kwa uzi mmoja.

"Afande, kifungo hicho kitakuaibisha mbele ya wageni. Nikukazie?"

Alikazwa kifungo palepale, amesimama, kidevu juu, glavu kwapani. Kisha akaingia ndani nazo.

Uwanja ulijaa mapema. Maofisa chini ya turubai, wake zao nyuma yao kwenye viti, wake za askari kwenye mabenchi ya jua kali. Ndege tatu zilizokuwa zipite juu ya uwanja kabla ya mpira hazikutajwa, na watu wa rada walishaanza kejeli: "Wenyeji, ndege zenu zimeugua?" Kanali alikuwa akicheka na mgeni rasmi, lakini mguu wake ulikuwa ukigonga chini bila kukoma.

Mama Pacha alikuja. Hakuna aliyemtarajia. Alikuwa amevaa vizuri, amechana nywele, akakaa pembeni ya Mama Cherehani mbele ya macho yote yale. "Nimekuja kumshangilia mumeo," alisema. "Akishinda, na wangu atatoka. Si umeniahidi?"

Hakuwa amemwahidi chochote. Hata hivyo aliitikia kwa kichwa, na Mama Pacha akamshika mkono kama jana.

Kipenga kikalia. Timu ya rada iliingia kwanza, imeng'aa. Kisha wenyeji. Mama Cherehani alizitambua namba zake mwenyewe moja baada ya moja: nane, nne, ile tisa ambayo haikupinda. Alikuwa amekwishainua makalio kwenye benchi, macho kwenye turubai la Kanali. Alikwishapanga hata neno la kwanza. Wa mwisho akatoka mlangoni, namba moja mgongoni.

Mikono ya jezi ilimfika kwenye kucha. Alikuwa mpishi wa mesi ya askari, kipa wa akiba, mtu mnene mwenye huruma ambaye hajawahi kucheza zaidi ya mazoezi.

Uwanja ukavuma. "Sumaku yuko wapi? Sumaku! Mpishi? Tumekuja kudaka viazi?" Kanali alisimama. Msaidizi wake alimjia mbio, akamnong'oneza jambo refu, na Kanali akakaa polepole, shingo imevimba. Mama Cherehani naye akakaa.

Mchezo haukuwa umekwenda mbali ndipo, kutoka nyuma ya majengo, injini ikawaka. Ilikohoa, ikanguruma, ikatulia kwenye sauti yake ile ambayo kila mtu wa kota anaijua usingizini. Halafu ya pili.

"Imeonekana!" Mama Pacha aliruka juu. "Mwenzangu, imeonekana! Mume wangu! Imeonekana!" Alimkumbatia Mama Cherehani, akamtikisa, akalia na kucheka pamoja. Wanawake wa nyuma wakapiga vigelegele. Ilichukua muda ndipo alipomtazama mpishi golini, akarudi kumtazama jirani yake, akamtazama tena mpishi.

"Alikuwa nayo yeye," alisema.

"Ndiyo."

"Na wewe ulijua?"

Mama Cherehani angeweza kusema amejua asubuhi hii. Lilikuwa mdomoni kabisa. "Nilijua jana."

"Jana saa ngapi? Kabla hawajaja kwangu, au baada?"

"Kabla."

Mama Pacha hakupiga kelele, wala hakutukana. Aliutoa tu mkono wake ndani ya mkono wa mwenzake, akaupangusa kwenye kanga, akaenda kukaa benchi la mbele peke yake. Hapo watu wa rada wakafunga bao la kwanza.

*

Wenyeji walifungwa mabao mawili. Kombe liliondoka na honi zake. Jioni watu wa kota walipita mbele ya mlango wa Mama Cherehani wakisema kwa sauti ya kusikika, na mmoja alisema afadhali angecheza kwanza akafungwa baadaye. Mama mkwe alikuwa anakunja nguo na kuzipanga kwenye sanduku, bila kuambiwa na mtu.

Mlango ukagongwa. Mama Pacha alisimama nje na chungio, pasi, beseni kubwa na nusu pakiti ya sabuni. Vitu vyote alivyowahi kuazima. Aliviweka kizingitini kimoja kimoja kwa utaratibu, akageuka, akaenda zake. Mama Cherehani alitaka kumwita. Badala yake alichutama kizingitini.

Alikuwa bado amechutama hapo akiviokota vile vitu alipoona viatu vya jeshi mbele yake, havina kamba. Akainua uso. Mkimya alikuwa na ndevu za siku mbili na harufu ya mafuta ya ndege.

"Mumeo amenituma blanketi," alisema. "Kule mahabusu saruji ina baridi."

Wala hakuingia. Mama Cherehani alileta blanketi, akasimama nalo. "Ulijua ni yeye."

"Si nilimpa mwenyewe."

"Kwa nini hukumtaja? Wamekupekulia nyumba. Wamemwaga unga wa watoto."

Mkimya alitazama viatu vyake. "Nilikuwa namsubiri," alisema. "Nilijua atakuja. Kila mlango ukifunguliwa nasema ndiye huyu. Jana jioni nikaanza kusema labda haji." Akapokea blanketi, akalitia kwapani. "Leo amekuja, glavu mkononi, amekwishavaa fulana ya kuvalia chini ya jezi. Kapteni alimwambia nenda kacheze, tutazungumza baadaye. Akasema hapana, mtoeni huyu kwanza."

Mama Cherehani alilia waziwazi pale mlangoni, beseni alilorudishiwa likiwa miguuni, na mama mkwe aliyekuwa ameacha kukunja nguo akasikika anapenga kamasi nyuma ya pazia.

"Anauliza mpira umeishaje," Mkimya alisema. "Hakuna aliyemwambia."

"Mwambie mawili bila. Mwambie hata angekuwepo yasingezuilika."

"La pili nililiona. Lilikuwa la kudaka kwa mkono mmoja."

"Usimwambie hilo."

Mkimya aliitikia kwa kichwa. Alipita mbele ya mlango wake mwenyewe. Mama Pacha alikuwa amesimama hapo, ameyasikia yote. Wakatazamana. Mama Pacha akaingia ndani, akakaa kitambo, akatoka na bakuli lililofunikwa kwa sahani, lile lile lililorudishwa getini jana. Akamkabidhi mumewe mkononi.

"Mwambie limetoka kwangu, si kwa mke wake," alisema kwa sauti kubwa, ili isikike mlango wa pili. "Na bakuli nalitaka kesho."